KAZI NI NINI? SOMO KUTOKA KAWANGWARE 56

Mkulima, wewe hupakia kabeji na viazi vyako kwenye lori jioni, ukapokea fedha zako, ukaenda kulala. Mali yako hailali. Usiku huo huo huteremka kutoka nyanda za juu kuja Nairobi, na kunapopambazuka sehemu yake huwa imekwisha fika mtaa wa Kawangware, upande wa magharibi wa jiji, hapo watu wanapopaita Kawangware 56.

Ukisimama mahali hapo asubuhi utaona watu wako mbioni kila upande. Huyu anavuta mkokoteni uliojaa mitungi ya maji. Yule ameinama, gunia la viazi li mgongoni. Mama mmoja amejitwika beseni la mboga kichwani, anakwenda zake. Na mtu mwingine amesimama tu, mzigo begani, akingoja mwenye kibanda alete ufunguo. Wote wanatoka jasho. Je, wote wanafanya kazi?

Mtu wa sayansi atakujibu kwamba yule aliyesimama na mzigo hafanyi kazi yo yote. Usimkasirikie mtu huyu wa sayansi. Hasemi kwamba mchukuzi yule ni mvivu. Anasema kwamba nguvu za mchukuzi zinapotea bure. Jambo hilo linakuhusu wewe shambani kila siku, maana mkulima anayejua tofauti kati ya kazi na uchovu huumia mgongo mara chache, na fedha zake hununua chombo kinachofaa.

MAMBO MAWILI YANAYOFANYA KAZI

Katika sayansi, ili tuseme kazi imefanyika yatakiwa mambo mawili. La kwanza ni nguvu ya kusukuma, kuvuta au kuinua. Siku hizi vitabu vya shule huiita kani. La pili ni kwamba kitu chenyewe lazima kisogee kuelekea upande ule nguvu inakoelekea. Likikosekana moja, hakuna kazi.

Hesabu yake ni nyepesi. Chukua nguvu, uizidishe kwa urefu wa mwendo. Jibu ndilo kazi.

Nguvu hupimwa kwa nyutoni, jina lililotoka kwa Mwingereza Isaac Newton. Shika kiazi cha gramu 100 kiganjani: uzito unaousikia ni kama nyutoni 1. Basi kilo 1 ni kama nyutoni 10, na mtungi wa maji wa lita 20 ni nyutoni 200, tukiacha uzito wa mtungi wenyewe.

Kazi nayo hupimwa kwa jouli. Ukiinua kiazi kile mita 1, umefanya kazi ya jouli 1. Jina hili ni la James Joule, aliyezaliwa Salford, Uingereza, mwaka 1818. Katika miaka ya 1840 alitumia mizigo iliyoshuka polepole kuzungusha makasia ndani ya chombo cha maji, akaonyesha kwamba maji yalipata joto. Kwa hiyo kazi haipotei. Hugeuka kuwa kitu kingine. Sugua viganja vyako vikali asubuhi ya baridi, utayaona maneno yake ni kweli.

Sasa jaribu hesabu ya kwanza. Unainua mtungi wa lita 20 kutoka chini hadi juu ya kichwa, mita 1 na nusu. Nyutoni 200 mara 1.5 ni jouli 300.

ALIYESIMAMA NA MZIGO

Turudi kwa mchukuzi wetu anayengoja ufunguo. Gunia la kilo 50 begani mwake linasukuma chini kwa nyutoni 500, naye anasukuma juu kwa nyutoni 500. Lakini gunia halisogei. Nyutoni 500 mara mita sifuri ni sifuri. Lingewekwa juu ya meza, meza ingefanya vile vile, na meza haili ugali.

Mbona basi anachoka? Kwa sababu misuli ya mtu si kama miguu ya meza. Ili iendelee kukaza, hujivuta na kulegea mara nyingi sana ndani kwa ndani, na kila mara hula chakula kilichomo mwilini na kukigeuza joto. Ndiyo maana jasho linamtoka. Analipa gharama lakini hapati kazi.

Dawa yake ni rahisi: atue mzigo. Lakini asiutue chini, maana atalazimika kuuinua tena. Autue juu ya kitu kilicho sawa na kiuno au bega. Jenga jukwaa kama hilo shambani kwako, pale magunia yanapongojea lori. Magogo manne na mbao chache zatosha.

AKINA MAMA WALIOPIMWA

Yule mama mwenye beseni kichwani je? Anatembea mahali tambarare. Uzito wa beseni unaelekea chini, yeye anaelekea mbele. Beseni halipandi wala halishuki sana, kwa hiyo kazi ya kuliinua ni ndogo. Hata hivyo, kila hatua tunayopiga mwili wetu hupanda kidogo na kushuka kidogo, na hapo ndipo chakula chetu kinapotumika.

Jambo hili lilipimwa hapa kwetu. Mwaka 1986 Profesa G. M. O. Maloiy wa Chuo Kikuu cha Nairobi na wenzake walitangaza matokeo ya uchunguzi wao katika jarida la Nature. Walipima oksijeni iliyotumiwa na akina mama Waluo waliojitwika mizigo kichwani, na akina mama Wakikuyu waliobeba mgongoni kwa ukanda upitao kwenye paji la uso. Walikuta kwamba mama aliyezoea aweza kubeba mzigo ulio sehemu moja ya tano ya uzito wa mwili wake bila kutumia nguvu zaidi ya kutembea mikono mitupu. Uchunguzi mwingine uliotangazwa mwaka 1995 ulieleza sababu: mwendo wao ni kama timazi ya saa inayobembea, na nguvu inayopotea kati ya hatua na hatua ni kidogo kuliko kwa watu wengine.

Lakini usije ukasema, "Basi mama abebe tu." Soma hesabu vizuri. Mama wa kilo 60 ana nafuu hiyo mpaka kilo 12 tu. Mtungi uliojaa ni kilo 20, yaani theluthi ya uzito wake. Hapo nafuu imekwisha, na kila kilo inayozidi inalipiwa. Mtoto wa kilo 30 nafuu yake, kama amekwisha kuuzoea mwendo huo, haivuki kilo 6. Kumtwika mtungi mzima ni kumwonea. Tena nafuu yenyewe ni ya mahali tambarare. Kwenye kilima hakuna ujanja wa mwendo unaoweza kufuta kazi ya kupanda.

MWILI WAKO PIA NI MZIGO

Kawangware kuna nyumba nyingi za ghorofa, na maji ya mfereji yasipopanda juu, watu huyapandisha kwa ngazi. Tuseme kijana wa kilo 60 anapeleka mtungi mmoja ghorofa ya nne, mita 12 juu. Kazi ya kuinua maji ni nyutoni 200 mara 12, yaani jouli 2,400. Lakini kijana hakuyatuma maji peke yake, amekwenda nayo. Kuinua mwili wake ni nyutoni 600 mara 12, yaani jouli 7,200. Ametoa jouli 9,600 ili kupata faida ya 2,400. Robo tatu ya kazi yake ilikuwa kujibeba mwenyewe.

Angefunga kapi juu, akavuta mtungi kwa kamba, yeye mwenyewe angebaki chini na mwili wake usingepanda. Kazi ingekuwa jouli 2,400 na kidogo zaidi kwa sababu ya msuguano wa kapi.

Wewe huna ghorofa, lakini una mto bondeni. Tuseme mto uko mita 30 chini ya nyumba yako. Kila safari ya mtungi mmoja ni jouli 6,000 za maji na jouli 18,000 za mwili: jumla 24,000. Sasa tazama paa lako. Kama ni la mabati, lenye meta za mraba 60, mvua ya milimita 20 huliangushia lita 1,200, maana milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1. Hiyo ni mitungi 60. Kuileta toka mtoni kungekula jouli 1,440,000. Jua lilikwisha kufanya kazi hiyo: liliyainua maji baharini na maziwani yakawa mvuke, nayo mawingu yakayaleta juu ya nyumba yako. Wewe hudaiwi ila mifereji ya paa na tangi. Tena lijenge tangi mahali palipo juu ya bustani, maji yateremke yenyewe.

MKOKOTENI NA NJIA YAKE

Mvuta mkokoteni wa Kawangware huvuta mitungi kumi au zaidi kwa safari moja. Kichwani asingeweza hata miwili. Anawezaje? Kwa sababu ardhi ndiyo inayobeba uzito. Yeye hushindana na msuguano tu. Tuseme mkokoteni na maji yake ni kilo 300, na juu ya lami anahitaji nguvu ya nyutoni 100 kuuvuta. Kwa kilomita 1 atafanya kazi ya jouli 100,000. Barabara ikiwa ya matope, nguvu itakayotakiwa yaweza kuzidi mara kadhaa, na kazi itazidi mara hizo hizo. Hii ndiyo sababu barabara mbovu ni kodi. Huilipi ofisini, unailipa kwa misuli, kwa mafuta ya lori, na kwa bei ndogo anayokupa mnunuzi. Na kule Kibera, ambako vichochoro vingi ni vyembamba kuliko mkokoteni, mtu hana budi kuubeba mtungi mkononi au mgongoni mpaka mlangoni.

Mwenye mkokoteni au wilbaro shambani akumbuke mambo matatu. Kwanza, tairi zijae upepo na ekseli itiwe grisi. Hiyo ndiyo njia rahisi kuliko zote ya kupunguza kazi bila kupunguza mzigo. Pili, kwenye mkokoteni wa magurudumu mawili panga mzigo uwe sawa juu ya ekseli. Ukizidi mbele unakulemea mikononi. Ukizidi nyuma unakuinua wewe. Tatu, kwenye wilbaro sukuma mzigo uwe karibu na gurudumu. Kama mzigo wa kilo 60 uko sentimita 40 toka gurudumu, na mikono yako iko sentimita 120, utainua kama kilo 20 tu. Gurudumu litabeba nyingine.

HAKUNA CHOMBO KINACHOKUPA KAZI YA BURE

Hapa watu wengi hukosea. Husema wenzo, kapi na ubao wa mteremko "hupunguza kazi". Kweli ni kwamba hupunguza nguvu, kisha hudai malipo kwa mwendo mrefu.

Chukua pipa la lita 200 lililojaa maji. Ni nyutoni 2,000. Kuliinua hadi kwenye sakafu ya lori, mita 1.2, ni jouli 2,400. Watu wawili hawawezi kuliinua wakabaki salama. Sasa weka mbao imara zenye urefu wa mita 3.6 toka chini mpaka sakafu ya lori, mlivingirishe pipa. Mwendo umekuwa mara tatu, kwa hiyo nguvu inayotakiwa ni theluthi: kama nyutoni 667, yaani kila mmoja asukume kama anayeinua kilo 33. Fanya hesabu: 667 mara 3.6 ni jouli 2,400. Kazi ni ile ile. Kilichobadilika ni kwamba sasa yawezekana. Lakini pipa likiwa njiani, asisimame mtu chini yake, na kabari iwe tayari.

Kadhalika mtaimbo wa kung'olea kisiki: upande wako husogea sana ili upande wa kisiki usogee kidogo. Na ukivuta gunia juu ya ubao badala ya kuvingirisha, msuguano utakula sehemu kubwa ya jasho lako.

Kwa hiyo mtu akija skimuni kukuuzia mashine isiyotaka mafuta, wala jua, wala upepo, wala mkono wa mtu, naye akadai itapandisha maji mchana kutwa, mpe chai umwage na kwaheri. Fedha ubaki nazo.

GUNIA LA LUMBESA

Sasa tufike kwenye jambo linalouma. Gunia la lumbesa, lililoongezwa kilemba juu na kushonwa kwa kamba, wote mnalijua. Kanuni za serikali za mwaka 2019 juu ya viazi zasema gunia lisizidi kilo 50. Wengine husema, "Kilo ni kilo, ukigawa gunia moja kuwa matatu, unaongeza kazi." Hebu tuhesabu.

Lumbesa la kilo 150 likiinuliwa mita 1.2 hadi kwenye lori ni nyutoni 1,500 mara 1.2, yaani jouli 1,800. Magunia matatu ya kilo 50, kila moja ni jouli 600, jumla 1,800. Kazi ya kuinua mali haikuzidi hata jouli moja. Lakini nguvu inayotakiwa kwa mara moja imepungua kutoka nyutoni 1,500 mpaka 500. Pingili za uti wa mgongo hazijui jouli za kutwa nzima. Zinajua nguvu iliyozikandamiza dakika ile. Mgongo haupewi nafasi ya kuzoea. Huteguka mara moja, na mtu akalala nyumbani huku watoto wake wakikaa bila ada.

Kweli, mchukuzi atakwenda mara tatu badala ya moja, na mwili wake atautembeza mara tatu. Lakini gunia la kilo 50 laweza kupakiwa kwenye mkokoteni na mtu mmoja au wawili, na mahali tambarare mkokoteni hufuta sehemu kubwa ya gharama hiyo. Na wewe mkulima una hasara nyingine: kilemba kile ulikilima, ukakipalilia, ukakinyunyizia dawa, ukakichimba, kisha ukakitoa bure, kwa maana bei ilikuwa ya "gunia", si ya kilo. Uza kwa mizani. Mzani hauchoki na hauoni haya.

KAZI NA HARAKA

Neno la mwisho ni uwezo, yaani kazi ngapi kwa muda gani. Kipimo chake ni wati: jouli 1 kwa sekunde 1. Jina ni la James Watt wa Uskochi, aliyeishi toka 1736 hadi 1819. Yeye ndiye aliyelinganisha injini na farasi, na nguvu ya farasi mmoja tunaihesabu kuwa wati 746. Mtu mzima mwenye afya aweza kutoa kama wati 75 kwa muda mrefu.

Tuseme wataka kupandisha lita 1,000 mita 10 juu. Kazi ni jouli 100,000. Ukibeba kwa mitungi, safari 50, pamoja na kuinua mwili wako wa kilo 60 kila mara, utatoa jouli 400,000, bila kuhesabu mteremko wa kurudi. Ukitumia pampu ya kukanyaga kwa miguu, mwili wako haupandi kilima. Hata nusu ya kazi yako ikipotea katika bomba na msuguano, utamaliza kwa kama dakika 45. Pampu za namna hii zilienezwa sana Kenya na shirika la ApproTEC, lililoanzishwa Nairobi mwaka 1991 na baadaye likaitwa KickStart. Injini ya farasi mmoja, ikipoteza nusu vile vile, itamaliza kwa dakika tano hivi. Kazi ya kuinua maji haikupungua. Imefanywa upesi, na mafuta ndiyo yaliyolipa. Basi kabla ya kununua, jiulize: dakika 40 nilizookoa nitazitumia kwa jambo linalolipa bei ya mafuta? Kwa mwenye bustani kubwa jibu ni ndiyo. Kwa mwenye mistari michache ya sukuma wiki huenda likawa hapana.

FANYA HAYA MWEZI HUU

1. Jenga jukwaa la kiuno pale magunia yanapongojea lori.

2. Weka ubao mmoja imara wa kupakilia mapipa na mikebe ya maziwa.

3. Jaza upepo na tia grisi magurudumu yote.

4. Pima paa lako, uhesabu ni mitungi mingapi mvua inakuletea mlangoni.

5. Mtoto asibebe mtungi wa lita 20. Mpe wa lita 5.

6. Jaza kilo 50, shona, pima, uza kwa kilo. Mkiwa na chama cha ushirika, kubalianeni nyote siku moja, maana akikataa mmoja mnunuzi huenda kwa jirani.

Wengi wenu mko kwenye mashamba yaliyogawanywa tangu mwaka 1962 katika mpango wa Eka Milioni Moja, nyinyi au wazazi wenu. Shamba lile lilipatikana kwa jasho jingi. Jasho halina ubaya, ila lisimwagike mahali ambapo hakuna kitu kilichosogea. Na kesho alfajiri gunia lako likifika Kawangware 56, mtu asiyejua jina lako atainama alichukue. Uzito atakaoukuta uliupanga wewe.